Maswali ya wasomaji: Tuna matofali, tuna mikalatusi, tunataka hall ya michezo

Mwezi huu nimeweka kando maswali ya nyufa na vyoo vinavyojaa. Barua moja kutoka Koboko, kule West Nile kaskazini magharibi mwa Uganda, imenishika sana, na zingine zimekuja zikiongea jambo lile lile la hall ya michezo ya wanakijiji, kwa hiyo nafasi yote nawapa hao. Ya Koboko ndiyo inaanza na ndiyo itachukua nafasi kubwa.

SWALI: Asalaam alaikum fundi. Sisi ni kikundi cha vijana na wamama wa netiboli hapa Koboko. Wazee wametupa kiwanja karibu na shule, matofali ya kuchoma tunayo, tumechoma wenyewe, na mikalatusi iko kwenye shamba la mwenzetu. Tunataka hall ya voliboli, netiboli, ngumi, na harusi pia kwa sababu huko ndio pesa ya kuitunza itatoka. Mkandarasi mmoja alikuja akatuchorea hall ya vyuma, kuta nne mpaka juu, madirisha ya vioo, bei yake hata tukichanga miaka kumi hatufiki. Sasa tunawaza tuanze na kuta kwa hayo matofali yetu alafu paa tutatafuta baadaye. Unasemaje?

JIBU: Waalaikum salaam ndugu zangu. Nasema tafadhali msianze na kuta. Pita barabara yoyote ya Uganda utaona kuta zimesimama bila paa, mvua inakula udongo katikati ya matofali, nyasi imeota ndani, na kikundi kilichochanga kimeshachoka na kugombana. Kuta ni rahisi kuanza ndio maana kila mtu anaanzia hapo, lakini ukuta hauchezeshi mtu voliboli.

Hebu tufikirie mchezo unataka nini kwa hewa yetu ya hapa. Hatuna baridi ya kufungia watu ndani. Mchezaji anataka mvua isimpate, jua lisimpige machoni, sakafu iwe sawa na isiteleze, na pasiwe na nguzo katikati ya uwanja. Basi. Hayo yote yanaletwa na paa na sakafu, ukuta hauhusiki. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye msingi wa nguzo, nguzo zenyewe na paa, na siku paa likikamilika watoto waanze kucheza siku hiyo hiyo hata kama chini bado ni udongo ulioshindiliwa. Matofali yenu yana kazi, nitaifikia.

Vipimo sasa, na hapa ndio pa kukaa chini na kubishana kabla ya kununua hata msumari. Uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9, na sheria inataka angalau mita 3 za wazi kila upande, hivo unafika 24 kwa 15. Basketi ni 28 kwa 15 bila kuhesabu pembeni. Netiboli ni 30.5 kwa 15.25, na mashindano yanataka karibu mita 3 zaidi kuzunguka, hapo unaongelea paa la zaidi ya mita 21 kwa upana bila nguzo katikati, hiyo kweli ni kazi ya chuma. Jambo ambalo mkandarasi hakuwaambia ni kwamba urefu wa hall ni wa bei rahisi na upana ndio unaokula pesa. Ukitaka kuongeza urefu unaongeza tu kenchi nyingine, yani pembetatu za mbao zinazobeba paa, kama zile za mwanzo, hata miaka mitano baadaye. Upana ukishaupanga umeupanga, kuongeza ni kubomoa.

Ndio maana ningekuwa nyinyi ningechagua upana wa mita 18 tangu mwanzo na urefu wa mita 24 kwa sasa, na upande mmoja wa mwisho uachwe wazi kabisa bila kujengwa kitu ili siku pesa ikija muendelee mpaka mita 36. Voliboli inaingia leo na nafasi inabaki. Netiboli itaingia mkirefusha, pembeni itabana kidogo, haitafaa kwa mashindano lakini kwa mazoezi inatosha kabisa. Na nasema hivi kwa wale wanaume ambao mikutanoni huwa wanasukuma netiboli iende nje kwenye vumbi: She Cranes, timu ya taifa ya netiboli ya wanawake wa Uganda, walimaliza wa 5 duniani kwenye Kombe la Dunia la 2023 pale Cape Town. Wamama wana haki ya kupangiwa nafasi kwenye hesabu ya kwanza, sio kupewa kitakachobaki.

Je, mita 18 inawezekana kwa mbao? Inawezekana. Pale Chiang Mai, Thailand, kuna shule ilijengewa hall ya michezo ya mianzi mitupu mwaka 2017, zaidi ya mita 17 upana, hakuna nguzo katikati. Hata sisi wenyewe paa kubwa la vitu vya shambani sio geni, nyumba kubwa ya nyasi pale Kasubi, Kampala, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, ina karibu mita 31 kutoka upande mpaka upande, ila ile inabebwa na nguzo nyingi zilizojaa ndani, na hapo mpira haupiti. Kwa hiyo kwenu sio kubeba paa kwa nguzo, ni kulibeba kwa kenchi. Kenchi za mita 18 zinaundwa kwa mbao za paini au mikalatusi zilizopasuliwa na kukauka, zinapandanishwa mbili mbili, viungo vinafungwa kwa bolti na vipande vya bati nene. Misumari peke yake hapana, kwa upana huo haitoshi. Zinaundwa chini, zikiwa zimelala, juu ya mchoro uliochorwa ardhini kwa ukubwa wake kamili ili zote zifanane, alafu zinasimamishwa moja moja. Ukiweka kenchi kila mita 3, kwa mita 24 unahitaji 9.

Hapo kwenye kenchi mlipeni injinia. Najua pesa ni chache na najua kila kijiji kina fundi anayesema amejenga makanisa. Lakini mchoro ni mmoja na utatumika mara 9, chini yake watakaa watoto na wageni wa harusi, hapo sio pa kubahatisha. Na michoro lazima mtaihitaji tu, Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inadai kibali kabla ya kujenga, kwa hiyo nendeni wilayani mapema muulize, msingoje mpaka mtu aje na rangi nyekundu kuandika alama ya X.

Mikalatusi sasa. Iliyokatwa leo msiitumie kesho, inapasuka na kujipinda ikikauka. Ikateni, mtoe maganda, mpange kivulini kwa vijiti katikati hewa ipite. Kwa nguzo kubwa ni bora mnunue zile zilizotiwa dawa kwa presha, Uganda kuna viwanda vinavyotengeneza nguzo za stima na mikalatusi yao ni hiyo hiyo ya kwetu, dawa tu ndio tofauti. Kumpaka oili chafu mti mbichi alafu kuuzika ardhini ni kuwaalika mchwa, tena kule West Nile mchwa hawachelewi. Nguzo ikae juu ya kitako cha zege kilichopanda angalau sentimita 30 kutoka ardhini, ishikwe na chuma kilichozamishwa kwenye zege na bolti zipite katikati. Alafu paa litoke nje ya nguzo mita moja na nusu kila upande, hiyo inalinda nguzo, inalinda sakafu na inawapa watazamaji kivuli.

Mkisikia neno moja tu la barua hii, lisikieni hili la upepo. Hall iliyo wazi pembeni, upepo unaingia chini ya paa na kulisukuma juu, na wote tumeona shule zikibaki bila mabati baada ya dhoruba ya nusu saa. Wajenzi wetu wanafikiria paa litaanguka chini, hawafikirii litaruka. Kwa hiyo lifungwe kuanzia juu mpaka chini bila kukatika popote: bati kwenye papi (zile mbao za kupigilia bati), papi kwenye kenchi kwa mkanda wa chuma, kenchi kwenye nguzo kwa bolti, nguzo kwenye zege, na zege iwe nzito na ya kina cha kutosha kushikilia chini. Muongeze mbao za mshazari kati ya nguzo na kenchi, na zingine za msalaba kwenye paa lenyewe, la sivyo kenchi zote zitalala upande mmoja zikifuatana.

Matofali yenu nayo. Upande ule ambao hamtarefusha, jengeni jengo moja zuri la vyumba: stoo ya neti na mipira yenye kufuli, vyumba viwili vya kubadilishia nguo, choo cha wanawake chenye mlango unaofungika kwa ndani, na kakibanda ka kuuzia soda. Wasichana wengi wanaacha mchezo kwa sababu hakuna pa kubadilisha nguo wala choo cha maana, hilo lisiachwe awamu ya pili. Jengo hilo la matofali kama limefungwa vizuri na nguzo litasaidia pia hall isiyumbe. Pembeni zilizobaki, kaukuta ka sentimita 60 tu kanatosha, mpira unazuilika na watu wanapata pa kukaa.

Mengine kwa haraka. Urefu wa hall uelekee mashariki na magharibi, jua la asubuhi na jioni ndio linalochoma macho, na huo upande mfupi ndio wa kuziba kwa matofali au mikeka. Mabati ya kupitisha mwanga yawekwe pembeni, sio juu ya katikati ya uwanja, mtu anayeangalia mpira juu asipofuke. Voliboli rasmi inataka mita 7 za wazi juu ya uwanja, mwambieni injinia achore kenchi ambayo mbao yake ya chini inapanda katikati, pembeni zikiwa mita 5 mtacheza ligi zenu bila shida. Kelele ya mvua kwenye mabati inapungua mkiweka mikeka ya mafunjo chini yake na kuacha nafasi ya hewa katikati, joto pia linapungua. Na maji: paa la mita 27 kwa 21, mvua ya milimita 10 tu inawapa zaidi ya lita 5,600. Wekeni gata na tangi tangu mwanzo, maji hayo ndiyo ya vyoo, ya kunawa, na ya kumwagilia sakafu ya udongo isitimue vumbi.

SWALI: Mimi ni fundi mwashi, Bwera, Kasese. Kuna mradi wa uwanja wa ndani hapa kwetu na wanabishana, wengine wanataka matofali ya kuchoma, wengine yale ya kubana kwa mashine yanayoshikana bila kuchomwa. Mimi najua ya kuchoma. Yapi yana nguvu, na tetemeko likija?

JIBU: Fundi mwenzangu, kwa nguvu yote mawili yanafaa yakitengenezwa vizuri, na yote mawili ni takataka yakitengenezwa vibaya. Mimi niko upande wa yale ya kubana, sababu ya kwanza ni kuni. Tanuri la kijiji linameza miti mingi sana, na moto haufiki sawa kila mahali, ya katikati yanaiva, ya pembeni yanabaki mabichi na mwisho yote yanaingia ukutani pamoja. Yale ya mashine yanataka udongo mwekundu wenye changarawe kidogo na saruji kati ya asilimia 5 na 8, mfuko wa kilo 50 unatoa kama 100 hivi kulingana na mashine na udongo. Marehemu Dkt. Moses Musaazi wa Makerere alisaidia sana kuyafanya yajulikane hapa nchini, mpaka yakatengenezwa ya mviringo ya kujengea matangi ya maji.

Udongo upimeni kwanza. Jaza chupa robo tatu udongo na maji, tikisa sana, acha itulie mpaka kesho, utaona mchanga umekaa chini na mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi sana tofali litapasuka, ongezeni mchanga. Alafu kosa ambalo linaua haya matofali ni kuyaanika juani yakitoka tu mashineni kama yale ya kuchoma. Hapana, yafunikeni kwa nailoni au majani ya ndizi, myamwagilie wiki nzima, na yasibebe mzigo kabla ya siku 28. Saruji inataka maji ndio ikomae.

Kuhusu tetemeko, umeuliza vizuri kwa sababu mko kwenye bonde la ufa. Wazee wa Toro wanakumbuka Machi 1966, watu zaidi ya 100 walikufa, na Februari 1994 lilirudi tena upande wa Fort Portal. Tofali kushikana na mwenzake sio sawa na ukuta kufungwa. Wekeni nondo kwenye kona na kila upande wa mlango, ziingie msingini, na juu mzungushe mkanda wa zege usiokatika. Na pale juu ya mkanda, ile pembetatu ya ukuta inayofika kwenye kilele cha paa, msiijenge kwa tofali kabisa. Hiyo ndiyo huanguka ya kwanza, inaanguka kutoka juu, na kwenye hall inaangukia pale watu wanapopita. Izibeni kwa mianzi, mbao au mikeka, hewa itapita pia.

SWALI: Mwalimu hapa, Busia. Hall yetu ya shule tayari ina sakafu ya simenti, tumeilainisha ikang'aa, sasa watoto wanateleza na wengine wanalalamika magoti. Mbao kama zile za uwanja wa ndani wa Lugogo, Kampala, hatuwezi kununua. Tufanye nini?

JIBU: Mwalimu, kung'aa ndio tatizo lenyewe. Sakafu ya mchezo inamaliziwa kwa mwiko wa mbao, inabaki na ukali kidogo kama sandpepa laini, mwiko wa chuma ni wa sebuleni. Kwenu mnaweza kuikwangua kwa jiwe la kusagia au mashine ya kukodi mpaka ule uso laini utoke, alafu msipake tena vanishi wala nta. Ifagieni kila kabla ya mechi, vumbi la moramu kutoka kwenye viatu linatelezesha kuliko hata maji.

Magoti ni habari nyingine. Zege haina huruma, na hakuna rangi itakayoilainisha. Kama mnaweza kukusanya kidogo kidogo, jengeni sehemu moja tu ya mbao, ya mazoezi ya viungo, karate na kuruka: mbao za paini zilizokauka vizuri juu ya boriti ndogo, na chini ya kila boriti vipande vya mpira wa tairi la lori, mafundi wanaotengeneza sandali za tairi watawakatia kwa kipimo sawa. Tengenezeni kwanza kipande cha mita 2 kwa 2, watoto wakubwa waruke juu yake wiki mbili muone kinavyoshika ndio muendelee. Kwa sehemu iliyobaki punguzeni mazoezi ya kurukaruka kwenye zege, voliboli ya watoto wadogo ipelekeni nje kwenye nyasi. Na kwa yeyote anayesoma ambaye bado hajamwaga zege: udongo wa kichuguu, ukishindiliwa vizuri na kumwagiliwa, ni mlaini kwa magoti kuliko simenti na ni wa bure. Unataka kutunzwa kila siku tu, hiyo ndio gharama yake.

SWALI: Sisi kina mama wa Arua tunauliza, kwa nini tusiezeke kwa nyasi? Ziko nyingi, mafundi wako, na ndani ni baridi.

JIBU: Mama zangu, kwa jiko au nyumba ya kulala siwakatazi, nyasi ni nzuri na ufundi wenu naufahamu. Kwa hall ya watu wengi nakataa, na sababu mnazijua. Kasubi iliungua usiku mmoja tu, Machi 2010, na ilikuwa mahali palipolindwa. Alafu Agosti 2020, hapo hapo Arua, watoto walikuwa wanacheza mpira, mvua ikaja, wakakimbilia kibanda cha nyasi, radi ikapiga, watoto 10 wakafa. Kila nikipanga hall ya michezo nawafikiria hao, kwa sababu watoto wakicheza na mvua ikaja watakimbilia hapo hapo tu, na sisi tunaojenga ndio tunaamua wanakimbilia kwenye nini.

Lakini bati nalo peke yake lisiwadanganye. Paa la bati juu ya nguzo za miti halina njia ya kupeleka radi ardhini, kwa hiyo itajitafutia njia yenyewe, na njia hiyo inaweza kuwa mtu aliyeegemea nguzo. Wekeni vyuma vya kupokea radi kilele cha paa, waya mnene wa shaba ushuke nje kwenye kona zaidi ya moja, bila kukunjwa kwa kona kali, uishie kwenye vyuma virefu vilivyozamishwa ardhini mbali na mlango na mbali na benchi za watazamaji. Waya huo huwa unaibiwa kwa ajili ya shaba, upitisheni kwenye bomba pale chini na mtu aukague kila kabla ya msimu wa mvua. Aifanye fundi anayeijua kazi hiyo na aje na kifaa cha kupima kama umeme unaingia ardhini vizuri. Na kocha awe na sheria: ngurumo ikisikika mechi ya nje inasimama, watu hawarudi uwanjani mpaka dakika 30 zipite bila ngurumo nyingine.

Nyasi zenu bado nazitaka. Fanyeni vibanda vidogo vya kivuli pembeni, mbali na hall, kwa wauza chakula siku za jua.

SWALI: Mwanafunzi wa ujenzi, Mbale. Naona kila mtu anaongea mbao na mabati. Je, paa la udongo mtupu linawezekana kwa uwanja wa michezo?

JIBU: Kijana, panda basi uende Kigali. Pale Gahanga kuna uwanja wa kriketi uliofunguliwa 2017, jengo lake ni matao ya vigae vyembamba vya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, vimebandikwa tabaka juu ya tabaka, tao kubwa lina upana wa mita 16, na ndani ya tabaka kuna wavu wa plastiki ngumu kwa ajili ya matetemeko. Vigae vilitengenezwa hapo hapo na watu wa hapo. Tao likichorwa vizuri uzito wote unashuka kwa kubana, na udongo unapenda kubanwa, hauwezi kuvutwa, siri yote iko hapo. Ukirudi pitia Entebbe, hospitali ya upasuaji wa watoto iliyochorwa na Renzo Piano, msanifu majengo wa Italia, ilifunguliwa 2021, kuta zake ni udongo uliochimbwa kwenye kiwanja chenyewe ukashindiliwa.

Ila sikushauri uanze na tao la mita 16. Umbo likikosewa kidogo linaanguka, na linataka waashi waliofundishwa na mtu anayewasimamia kila siku. Anza na dogo, stoo ya mita 3, ukiwa na mwalimu wako na injinia, na uliache msimu mzima wa mvua kabla ya mtu kuingia. Ukilijenga nitumie picha na vipimo, nitavichapisha hapa na mafundi wengine wakuulize wenyewe.